Barua ya wazi kwa wakuu wa afya na utafiti Kilifi: tuambieni kwa lugha yetu mnachokijua kuhusu usingizi na ubongo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi, kwa wakurugenzi wa taasisi za utafiti na vyuo vikuu vinavyofanya kazi hapa Pwani, na kwa maafisa wote wenye dhamana ya elimu ya afya.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima kutoka Malindi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mtoto wa soja. Ualimu ndio unaoniwezesha kuandika barua hii. Usoja wa baba ndio ulionifanya niiandike.

Baba alilinda lango la hoteli moja ya ufuoni kwa miaka ishirini na miwili, zamu ya usiku. Aliingia saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi nyumbani kwa miguu wakati sisi tunavaa sare za shule. Alilala mchana, chini ya mabati, katika joto la Malindi mnalolijua. Mama alikuwa na desturi ya kulowesha leso, kuikamua kidogo na kuitundika dirishani, upepo ukipita upoe na mwanga upungue. Leso ile ilipauka upande mmoja hata maneno yake yakafutika. Sisi watoto tulikatazwa kucheza upande ule wa nyumba. Lakini mtaa haukatazwi. Mara mchuuzi wa samaki na honi yake, mara adhana, mara redio ya jirani, mara mbuzi amepanda ukuta. Sikumbuki siku ambayo baba alipata saa tano za usingizi kwa mfululizo.

Miaka sita iliyopita alianza kusahau. Kwanza majina, kisha njia ya kwenda kinyozi, kisha ikawa anauliza kama mama amesharudi sokoni, na mama tulishamzika. Hayo tuliyachukulia kuwa ya uzee. Kilichotutisha ni usiku. Ikifika saa saba au saa nane, mzee anaamka, anavaa koti lake la kazi, anachukua tochi na rungu, anakwenda lindo. Hoteli ile ilikwisha fungwa zamani. Basi alizunguka nyumba za majirani, akimulika mlango mmoja baada ya mwingine, akishika komeo na kulitikisa kidogo kuhakikisha limefungwa, kama alivyokuwa akikagua vyumba vya wageni. Kisha anahamia nyumba ya pili.

Waheshimiwa, ninyi ni wenyeji wa kaunti hii. Mnajua mzee mwenye mvi anayeonekana usiku wa manane akishika komeo za milango ya watu huitwa nani.

Neno lile lilianza kunong'onwa kwenye foleni ya maji. Halafu likasemwa kwa sauti. Mzee wa mtaa alinijia jioni moja, nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akaniambia, "Mwalimu, mtafutie mzee mahali kwingine kabla ya mwezi kuandama." Hakueleza, nami sikumuuliza. Katika Kilifi wazee wamekatwa mapanga kwa neno hilo, na waliobahatika wamekimbilia vituo vya hifadhi wakaacha minazi yao na makaburi ya wake zao. Hayo si siri, yamesemwa redioni na bungeni miaka mingi.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimempeleka zahanati. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, wagonjwa ishirini na kitu, na juu yetu palikuwa na bango kubwa lenye picha ya ubongo, limechapwa kwa rangi za kupendeza. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Kwa kuwa kusoma Kiingereza ni kazi yangu, nililisoma. Lilisema kwamba mtu anapopatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mara nyingi usingizi wake huvurugika, usiku humwia mchana, naye huweza kutangatanga. Lilisema asikemewe, aongozwe polepole kurudi kitandani, na apelekwe kwa daktari. Nikamtazama baba, nikawatazama wale mama waliokaa nami, wawili wao wakiwa ni jirani zangu wa foleni ile ya maji. Maelezo ambayo yangeweza kumwokoa mzee wangu yalikuwa yamebandikwa ukutani juu ya vichwa vyao, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuyasoma. Mhudumu alipotuita akaniambia, "Ni uzee tu huo, mfungie mlango usiku." Tukapewa dawa za maumivu, tukarudi.

Ilichukua miezi mingine minne hadi daktari mmoja akakaa naye, akampima, akamwuliza maswali ya kumbukumbu, akanieleza kwa Kiswahili chepesi. Akasema ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, mna kijisehemu kidogo sana chenye chembe za neva zipatazo 20,000. Hicho ndicho saa ya mwili. Kinapokea mwanga kupitia machoni, kinaujulisha mwili wote kuwa sasa ni mchana, sasa ni usiku. Magonjwa yanayokula kumbukumbu, hasa ule wa Alzheimer, huweza kukiharibu hicho nacho. Jua likizama mgonjwa anahangaika, usiku anatembea, mchana anasinzia. Anakwenda kule ambako maisha yake yote yalikuwa yakimpeleka. Kwa baba, ni lindo.

Usiku ule nilikaa na jirani yangu mwuguzi, tukaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Nikaupiga chapa nakala thelathini kwa pesa zangu. Asubuhi ya Jumapili nikausoma mbele ya kibanda cha maandazi, watu wakiwa na vikombe vyao mkononi. Sikuwa na mamlaka yoyote. Nilisoma tu, nikajibu maswali, na swali la kwanza lilikuwa, "Kumbe ni ugonjwa? Basi na mamangu pia anao." Siwezi kusema mtaa mzima uliamini. Yuko mama mmoja ambaye hadi leo akimwona baba huingia ndani na kufunga mlango. Lakini kijana wa tuktuk aliyekuwa wa kwanza kulitamka lile neno, sasa akimkuta mzee njiani usiku humwambia, "Afande, zamu yako imekwisha, nimekuja kukupokea," akamshika mkono akamleta nyumbani. Hilo la kumwambia zamu imekwisha ni yeye aliyelibuni, nalo hufanya kazi kuliko yote tuliyojaribu.

Ukurasa mmoja, Waheshimiwa. Sasa niwaulize: kama mwalimu na mwuguzi waliweza hilo kwa usiku mmoja na mia chache za uchapaji, nini kinawazuia ninyi wenye bajeti, wataalamu na magari?

Sisemi kwamba utafiti hauna faida kwetu. Watoto wa Kilifi ni mashahidi. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na washirika wake wamekuwa na kituo Kilifi tangu 1989, na ni hapa, katika vijiji vyetu, ambapo chandarua chenye dawa kilijaribiwa katika miaka ya tisini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu thuluthi moja, na waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Leo ukimwuliza bibi yeyote wa Ganda au Kakuyuni kwa nini anamlaza mjukuu ndani ya chandarua, atakueleza bila kusita, na hajui kama kuna jarida lililowahi kuandika habari hizo. Elimu ile ilitoka kwenye makaratasi ikaingia kitandani. Tena malaria ikipanda kichwani huacha watoto wengine na kifafa, kwa hiyo chandarua ni kinga ya ubongo pia. Nataka elimu ya usingizi na ubongo ipite njia hiyohiyo.

Najua mtanijibu kwamba makala nyingi za utafiti unaofanywa Kilifi ziko wazi kwenye intaneti na yeyote anaweza kuzisoma bila kulipa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini mlango ulio wazi wa nyumba iliyoko ng'ambo ya bahari haumsaidii asiye na mashua. Makala imeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata sisi walimu tunakisoma na kamusi mkononi. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mimi nazisoma ibara hizo pamoja: habari niliyopewa kwa lugha nisiyoielewa sijapewa.

Nimewahi kuambiwa katika warsha moja kwamba tatizo ni istilahi, kwamba mambo ya usingizi hayana maneno katika Kiswahili. Niruhusuni nilikatae jambo hilo kwa urefu kidogo, maana limenikera.

Mtu akiwa amekaa barazani kope zinamwelemea, tunasema anasinzia. Akikosa usingizi usiku kucha, tunasema hakupata hata lepe. Akiwa si macho si usingizini, anasikia sauti za watu lakini hawezi kujibu, yumo katika mang'amung'amu. Akizama kabisa, umwite asisikie, tunasema amelala usingizi wa pono, na wavuvi wa hapa wanajua kwa nini: samaki pono utamkuta usiku kwenye mwamba amelala kimya wala hashtuki. Wazee wetu walizigawa hatua za usingizi kwa kutazama tu, bila mtambo. Mtambo ulikuja baadaye. Mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alifanikiwa kwa mara ya kwanza kunasa umeme wa ubongo wa mwanadamu kupitia ngozi ya kichwa. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago wakaeleza ile hatua ambayo macho ya aliyelala hukimbia huku na huko chini ya kope, na mara nyingi ukimwamsha hapo atakwambia alikuwa anaota. Leo wataalamu wanasema tunapita katika hatua hizo zote kwa mzunguko wa dakika 90 hivi, mara nne au tano kwa usiku mmoja: kutoka lepe, hadi pono, hadi ndoto, kisha upya. Kuna ugumu gani kumweleza mtu hivyo?

Au chukueni jinamizi. Hakuna nyumba Malindi isiyo na mtu aliyewahi kukabwa na jinamizi: umeamka, unaona chumba chako, lakini huwezi kuinua hata kidole, kifuani kuna uzito, na pembeni unahisi kuna kitu kimesimama. Watu wametumia mbuzi, kuku na karo za watoto wao kuliondoa. Siwadharau waganga, wapo wenye hekima. Ila utafiti una maelezo yake, nayo ni mepesi. Wakati wa ndoto ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusije tukainuka na kufanya yale tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa, na ndoto bado haijakatika. Hudumu sekunde au dakika chache, kisha huisha. Humjia zaidi aliyechoka na aliyekosa usingizi wa kutosha. Nimewaeleza hivyo wanafunzi wa gredi ya nane, na msichana mmoja akalia darasani. Alikuwa ameishi mwaka mzima akiamini amerogwa na shangazi yake.

Sasa nije kwa mtoto mwingine, ambaye sitamtaja jina. Ana kifafa. Kila mara alipoanguka nilikuwa nikiandika alama ndogo kwenye daftari la mahudhurio, ili nimweleze mama yake. Mwisho wa muhula nikaona alama zimejazana siku za Jumatatu. Nikamwuliza yule mwuguzi jirani. Naye akaniuliza swali moja tu: "Wikendi analala wapi?" Nikafuatilia. Mtoto alikuwa akikesha kwenye disko matanga, Ijumaa na Jumamosi, muziki hadi alfajiri, kama watoto wengi wa vijiji vya nyuma ya mji. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuamsha kifafa. Linajulikana kwenu. Mama yake hakulijua, mwalimu wake hakulijua, na dawa alikuwa akimpa siku anazoanguka tu. Tulipomkataza mikesha na akameza vidonge vyake kila siku kama alivyoandikiwa, alama zikapungua. Hazijaisha, lakini zimepungua, na sasa anacheza namba saba katika timu ya shule.

Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa ulimwenguni ni kama milioni 50, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo. Utafiti uliofanywa hapahapa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kifafa hawakuwa wakipata tiba inavyotakiwa. Watu waliohojiwa katika utafiti ule ni sisi. Nawaomba mfikirie ni wangapi kati yao waliwahi kukaa chini wakasomewa kilichopatikana, wakaulizwa wanakionaje.

Kuna na madereva. Utafiti uliofanywa Australia mwishoni mwa miaka ya tisini ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi vibaya kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 ni kama aliye na 0.10. Barabara ya Malindi kwenda Mombasa ina polisi wenye kifaa cha kupima pombe. Usingizi hauna kifaa. Kijana wa bodaboda anaanza saa kumi alfajiri kwa wauza mboga, usiku bado anabeba wateja wa baa, na katikati anatafuna majani ya muguka asisinzie. Mwaka 2024 kaunti yetu, pamoja na Mombasa na Taita Taveta, zilitangaza marufuku ya muguka, mahakama ikaisimamisha, na kwa wiki kadhaa Pwani nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Katika kelele zile zote nilisikia hoja za siasa, za biashara na za dini. Sikumsikia mtu akimweleza kijana yule, bila kumtukana, kwamba lile jani lina kathinoni, kichangamshi kilicho jamaa ya amfetamini, kwamba linausukuma usingizi mbele bila kuulipa, na kwamba deni lile hulipwa pale kwenye kona ya barabara. Angesikiliza. Namjua, nimemfundisha.

Mkija kutuambia, tafadhali tuambieni ukweli wote, pamoja na pale ambapo hamna hakika. Hili nalisisitiza kwa sababu simuni mwetu zimejaa ujumbe wa kutisha. Upo unaosema ukilala chini ya saa saba utapata wazimu uzeeni. Upo unaosema usingizi huosha ubongo kama maji yanavyoosha sufuria. Nimejitahidi kutafuta asili yake. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Maiken Nedergaard walionyesha kwamba panya anapolala, nafasi kati ya chembe za ubongo wake hupanuka na taka huondolewa kwa kasi zaidi. Lakini mwaka 2024 watafiti wa London walipima kwa njia nyingine, nao pia kwa panya, wakapata kinyume chake. Wanasayansi bado wanabishana, na kubishana ndiyo kazi yao. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa watumishi wa serikali wa Uingereza karibu 8,000 waliofuatiliwa kwa miaka 25: waliokuwa wakilala saa sita au pungufu katika umri wa miaka 50 na 60 walionekana kupata maradhi ya kupoteza kumbukumbu zaidi, kwa kadiri ya asilimia 30, kuliko waliolala saa saba. Hiyo haina maana kwamba kila aliyelala kidogo ataugua. Tena ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya maradhi hayo duniani, na usingizi haumo katika orodha ile. Yamo shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa, macho yasiyotibiwa, sigara, kuumia kichwa, upweke, kukosa masomo.

Nimeyasoma hayo nikimfikiria baba. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ni lindo la usiku lililomwiba akili. Sasa siwezi kusema hivyo. Alikuwa na shinikizo la damu ambalo halikupimwa hadi alipofika miaka sitini, masikio yake yalikuwa mazito, na hakupita darasa la tatu. Huenda usingizi ulichangia, huenda haukuchangia. Kuambiwa hivyo hakukunivunja moyo. Kulinipa kazi ya kufanya: nimempima kaka yangu shinikizo, naye pia ni mlinzi wa usiku, tukalikuta liko juu. Anakoroma hadi anakatika pumzi, mkewe humtikisa. Sisi tulidhani kukoroma ni dalili ya kulala vizuri. Sasa anafuatiliwa hospitali.

Kuhusu shule nitasema machache, kwa kuwa wizara ni nyingine, lakini mna sauti. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinataka vipindi vya shule za kutwa vianze saa mbili asubuhi. Kuna watoto wanaoamshwa saa kumi alfajiri kwa ajili ya masomo ya ziada. Wataalamu wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana, ambaye saa yake ya mwili kwa maumbile husogea mbele ikamchelewesha kupata usingizi. Miaka mingi niliwasimamisha ubaoni wanafunzi waliosinzia. Nimewaomba radhi wale ninaokutana nao.

Ninachoomba ni hiki. Kila utafiti unaofanywa katika kaunti hii kuhusu usingizi, kifafa, kumbukumbu au akili, kibali chake kiwe na sharti kwamba matokeo yataandikwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, na Kigiriama kwa vijiji vinavyokizungumza, na kwamba ukurasa ule utasomwa kwa sauti katika baraza la chifu la eneo lilelile, mtafiti mwenyewe akiwepo kujibu maswali. Fedha zake ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kama zinavyowekwa fedha za mafuta ya gari. Maneno yatungwe pamoja na wenye lugha: mleteni mvuvi, mleteni nyakanga, mleteni mwalimu wa madrasa, wakae na daktari siku mbili. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 serikali ilisambaza zaidi ya 100,000 nchi nzima wakiwa na mikoba na simu, tayari wanabisha hodi milangoni mwetu kupima shinikizo. Waongezewe maswali matatu: unalalaje, unakoroma, kuna mzee anayesahau humu ndani? Na wafundishwe la kujibu wakiambiwa ndiyo. Redio za Pwani ziko tayari saa ya jioni, wasikilizaji wapo. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2022 lilipitisha mpango wa kifafa na maradhi mengine ya neva hadi 2031, na mpango huo unataka jamii zielimishwe. Hamtakuwa mkianzisha jambo geni.

Wala msije mkawataja watu. Yule mtoto wa namba saba, yule msichana wa jinamizi, siri zao ni zao. Yaletwe yale yanayotuhusu wote.

Na kabla ya yote, kwa sababu hili haliwezi kusubiri bajeti ya mwakani, naomba lile bango la zahanati liandikwe Kiswahili. Nimeshalitafsiri. Nakala nimeiambatanisha na barua iliyokwenda ofisini kwenu, pamoja na ule ukurasa tuliousoma penye kibanda cha maandazi. Mkiona nimekosea mahali, nirekebisheni. Mkiona panafaa, vichapeni, sitaki malipo wala jina langu.

Darasa langu lina madawati ishirini na ubao mmoja. Baada ya saa tisa na nusu liko tupu, na mwalimu mkuu ameniruhusu kulitumia siku za Alhamisi. Wazazi wameshaanza kuuliza ni lini atakuja mtaalamu. Mimi huweza kukaa nao hadi magharibi, kisha sharti nirudi nyumbani, maana ndio wakati baba anaanza kutafuta tochi yake.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Malindi